Pazia la Chumba cha Mvuke

Bwana Mashimba alikidharau chumba cha kujifukizia tangu siku kilipofunguliwa. Yeye ndiye Mshauri wa Wanafunzi, mtu wa suti na tai hata jua la Mwanza likipasua mawe, na chumba kile alikiita duka la mvuke. Wilhelmina, matroni wa hosteli, hakumjibu. Alikuwa anamngoja. Mwaka mzima alikuwa anamngoja, na wala hakuona haya kumwambia Mungu hivyo.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya magodoro. Korona iliporudi, wanafunzi walikosa usingizi kwa hofu, na wafanyakazi wakawa wanakohoa kwa kujificha wasije wakatengwa. Wilhelmina akaomba stoo, sufuria na majiko ya mkaa, akachemsha mkaratusi na mchaichai. Daktari wa zahanati ya chuo alisema wazi kwamba mvuke hauui korona, lakini akauruhusu, maana waliokuwa wakijificha walianza kuja, naye akawapimia hapo hapo. Shuka mbili zilishonwa zikawa pazia: wanawake huku, wanaume kule. Sharti lilikuwa moja tu. Ukishajifunika blanketi, husemi neno mpaka matroni aseme, "Fungueni."

Yeremia, mumewe, hakukiona chumba hicho. Alikuwa mlinzi wa getini. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa, Wilhelmina akiwa Nansio, ng'ambo ya ziwa, kumuuguza mama mkwe, Yeremia alimpigia simu akihema.

"Mama Gladness, nimemwomba Mashimba gari la chuo linikimbize hospitali. Amekataa."

Alifia kwenye kibanda cha ulinzi kabla ya saa sita mchana. Msibani Mashimba alisimama, akajipangusa macho kwa leso iliyopigwa pasi, akasema marehemu alibembelezwa apande gari akagoma mwenyewe. Nani angemsikiliza mjane mbele ya suti ile? Hata mama mkwe alimgeuka. "Mke mwenye maana mumewe humsikia," alimwambia waombolezaji wote wakisikia, na tangu siku hiyo hakupokea simu yake. Chuoni Yeremia akabaki yule mbishi aliyekataa kutibiwa. Kwenye semina za afya walimtolea mfano. Wilhelmina alikaa mstari wa nyuma, akasikiliza, akameza.

Ndiyo maana alitaka kitu kimoja tu: Mashimba aseme ukweli kwa mdomo wake, watu wasikie.

Wiki moja Gladness, binti wa Wilhelmina, alimleta bibi yake mzaa baba kwa meli kutoka Nansio, kifua kimembana. Daktari alimpima akakuta si korona. Bibi akakubali kujifukiza, lakini neno na mkwewe hakuwa nalo.

Asubuhi ya Alhamisi mlango wa nyuma uligongwa. Alikuwa Mashimba, bila tai, akikohoa.

"Kifua, Mama Gladness. Wanafunzi wasinione. Kuna mtu?"

"Upande huu wa wanaume uko peke yako, bosi."

Hakudanganya. Nyuma ya pazia wanafunzi watano wa kike na mama mkwe walikuwa chini ya mablanketi, kimya. Wilhelmina akamtumia dereva ujumbe alete gari mlango wa nyuma, kisha akamfunika mgonjwa wake. Hazikupita dakika tatu Mashimba akalitupa blanketi.

"Sipumui vizuri! Mwite Paulo alete gari. Hospitali, haraka!"

Wilhelmina akaenda mlangoni, akashika komeo. Nje gari lilikuwa limeshafika.

"Gari? Lile ambalo Yeremia aligoma kulipanda?"

"Hayo tuongee baadaye, mama."

"Yeye hakupata baadaye. Aligoma, hakugoma?"

Mashimba alimtazama, akalitazama komeo. Jasho lilimtiririka.

"Hakugoma," alisema. "Aliomba nikakataa. Gari lile napanda mimi kila siku, niliogopa ataniachia ugonjwa. Msibani nilidanganya. Nisamehe, fungua mlango!"

Ilikuwa tamu. Asitokee mtu wa kusema kisasi hakina ladha. Wilhelmina aliisikia mpaka kwenye magego.

"Fungueni," akasema, akalivuta pazia.

Mablanketi yakaanguka. Wanafunzi watano, nyuso zimelowa, walimkodolea macho Mshauri wao. Katikati yao mama mkwe aliinuka polepole. Mashimba alimfahamu tangu msibani, na mazoea yakamponza.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimtazama kuanzia utosi hadi viatu. Marahaba haikutoka. Mashimba alisimama pale akiisubiri, mpaka mmoja wa wanafunzi akaangalia chini kwa aibu ya kumwona mtu mzima amenyimwa salamu.

Wilhelmina akafungua mlango. "Paulo, mkimbize. Waambie wampe oksijeni, wamfanyie kila kitu. Huyu nataka apone. Nataka kila siku apite hapa, na hawa wasichana wamwamkie."

Gari likaondoka. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kunong'ona, na kabla ya chakula cha mchana hosteli zote zingekuwa zimejua.

Mama mkwe akaja akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu," alisema, "na mimi nisamehe."

Wilhelmina akautoa mkono wake, akaokota blanketi sakafuni, akalikung'uta.

"Kaa, mama. Mvuke wako bado haujaisha." Akamfunika kichwa.