Kipande cha Mkoko kwenye Foleni

Mzee Azzan, mwenye nyumba wetu pale Mtaa wa Sikukuu, alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Ama mazagazaga yangu yatoke chumbani, ama nitoke nayo.

"Mchwa, Pantaleo," alisema akiwa kasimama mlangoni mwangu, kanzu kaikusanya mkononi kama mtu anayevuka dimbwi. "Boriti za nyumba hii kaziweka marehemu baba yangu. Wewe unaniletea miti iliyooza."

"Haijaoza, mzee. Imestaafu."

Hakucheka. Tangu mkewe afariki na duka lake la mbele liishiwe bidhaa, Mzee Azzan alikuwa akipokea shikamoo, anajibu marahaba, basi. Kilichozidi hapo ni kodi na mchwa.

Mimi nilikuja kutoka Masasi na cheti cha kidato cha nne. Nikapata ukarani wa bohari, nikapata chumba, nikadhani watu watafuata wenyewe. Hawakufuata. Jioni wapangaji walinikalisha koridoni niwachekeshe, nikawachekesha mpaka wakashika mbavu, kisha ugali ukaiva, kila mtu akaingia kwake na mlango ukafungwa. Jumapili wenzangu walikwenda Buguruni kwa ndugu zao. Mimi nilivuka Mnazi Mmoja peke yangu, nikashuka mpaka ufukweni karibu na Magogoni, nikaokota.

Niliokota komwe zilizopauka, matumbawe yenye matundu kama mkate, kifuu kilichosuguliwa na mchanga mpaka kikawa chembamba kama kikombe cha kahawa. Nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kipande cha mzizi wa mkoko, kirefu kama mkono kuanzia kiwiko mpaka vidole. Bahari ilikuwa imekula nyama yote laini ikaacha mishipa, ya kijivu, inapishana na kupindana kama maji yanayotafuta mfereji. Nikirudi kutoka kazini nilikigusa kwanza ndipo nikavua viatu. Cheka tu. Wewe ukirudi nyumbani labda una wa kumwambia "nimerudi".

Nihame nayo mazagazaga niende wapi? Vyumba Kariakoo vilikuwa adimu kama sukari. Na kuyatupa mikono ilikataa.

Sasa sukari yenyewe. Miaka ile ya uhaba foleni ya duka la ushirika haikupangwa na watu tu. Alfajiri unaweka jiwe, au tofali, au kopo, linakushikia nafasi, wewe unaenda kwenye shughuli zako. Gari la bidhaa likifika, kila mtu anakimbilia kusimama nyuma ya jiwe lake. Tatizo ni kwamba mawe yanafanana.

Siku moja nilimkuta Mzee Azzan kwenye nusu tofali lake, anabishana na jamaa mmoja mrefu.

"Hilo tofali langu, bwana. Nimeliweka tangu adhana."

"Lina jina lako, mzee?"

"Lina kona iliyovunjika!"

"Angalia hapo nyuma. Yote yana kona zilizovunjika."

Watu wakacheka. Mzee Azzan akasukumwa mpaka mwisho wa foleni, na sukari ikaisha kabla hajafika nusu. Yeye, aliyekuwa akiuza sukari kwa magunia! Alirudi akaketi koridoni, kikapu kitupu mapajani, kakikumbatia kama mtoto wa watu aliyeachiwa. Mimi ambaye hata msibani hunitoka neno la utani, siku hiyo sikupata hata moja.

Nikaingia chumbani nikatoka na mkoko.

"Kesho weka hiki, mzee. Hakuna atakayesema ni chake."

"Watakiiba."

"Nani aibe takataka?"

Alinitazama usoni, anatafuta nilikoficha kicheko. Akakichukua.

Kesho yake alirudi na kilo yake ya sukari, hakugombana na mtu. Habari hazikukaa. Jioni Hyasinta, mpangaji wa chumba cha pili, akagonga.

"Pantaleo, nipe na mimi kitu chako kimoja. Kile kibaya kuliko vyote, kionekane kwa mbali."

"Vibaya vimekwisha, dada. Vimebaki vizuri tu."

"Haya, lete hicho kizuri chenye matundu."

Akaja mwingine, na mwingine. Foleni ya ushirika ikaanza kufanana na ufukwe maji yakitoka. Mlango wangu ukagongwa kuliko wa nesi wa mtaa. Lakini walichukulia mlangoni na kurudishia mlangoni. Niliweka hata kigoda cha pili ndani, kikae tayari. Kikakaa.

Kila mtu alirudisha alichoazima, isipokuwa Mzee Azzan. Mwisho wa mwezi ulipofika nilizunguka mbele nikagonga mlango wa duka. Kama natimuliwa, nitimuliwe na mkoko wangu.

"Sukuma."

Ndani kulikuwa na rafu tupu mpaka darini, zimefutwa vumbi, na mizani ya shaba isiyokuwa na cha kupima. Kwenye rafu ya katikati, pale ambapo zamani yalikaa majani ya chai, mkoko wangu ulikuwa umelala peke yake. Chini yake katandika kitambaa cheupe.

"Nimekuja kwa habari ya mwisho wa mwezi, mzee."

"Nilisema vitoke chumbani."

"Ndiyo, mzee."

"Basi vitoe. Lete huku. Mbele hakuna boriti za baba."

Nikavihamisha kwa kikapu chake. Yeye alipanga, mimi nikampa. Matumbawe upande wa sabuni, komwe upande wa chumvi. Kifuu alikigeuzageuza kwenye mwanga, akakiweka, akarudi akakisogeza kidogo. Kisha akafungua ubao mmoja wa mlango tupate kuona vizuri.

Hilo ndilo lililokuwa kosa.

"Mzee Azzan kafungua!" sauti ikapiga kelele barabarani.

"Kaleta nini?"

"Sijui, panga foleni kwanza!"

Kufumba na kufumbua foleni ilikuwa imefika kona, vikapu vimebanana, mtu kashaweka na jiwe. Mzee Azzan alinyoosha kofia yake. Akasimama nyuma ya meza, viganja juu ya mbao, mgongo umenyooka jinsi ambavyo sikuwahi kuuona. Hyasinta ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Shikamoo, mzee. Imekuja sabuni?"

Mzee akageuka. Akanitazama mimi.

"Hakuna kitu, dada," nikasema. "Ni vile vitu vyangu."

"Vile vya foleni?" Akachungulia rafu moja moja, midomo wazi. "Jamani! Watu tumeacha ule unga wa njano wa yanga jikoni!"

Nyuma yake walicheka, wengine wakatukana, mmoja akasema mzee wa watu amerukwa na akili na karani kamsaidia. Foleni ikakatika vipande vipande. Barabara ikabaki na lile jiwe.

Nilitaka kufunga ubao. Mzee Azzan akaniinulia mkono.

"Acha wazi."

Akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha kidole kwenye kifuu.

"Hicho ulikipata wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikaanza kumweleza, tangu asubuhi ile maji yalipotoka mbali, mvua imeacha, mimi sina viatu. Nilipofika katikati nikaona hasikilizi. Macho yake yalikuwa mlangoni, kwa wapita njia na vikapu vyao. Nikaendelea kueleza.