Tundu katika Pijo ya Papa Sylvestre

Dady alipoona moshi unatoka chini ya usukani, hakuwaza moto. Aliwaza uso wa baba mkwe wake.

Alitupa bisibisi, akafungua boneti, akang'oa waya wa betri kwa mikono mitupu. Moshi ukapungua, ukabaki ule mnuko wa plastiki iliyoungua, usiokubali kutoka puani. Akasimama katikati ya gereji ile ya kukodi kule Evere, Brussels, akaitazama kazi ya mikono yake.

Gari lilikuwa Pijo 404, rangi ya maziwa. Papa Sylvestre, baba yake Sephora, mke wa Dady, aliwahi kuwa na la namna hiyo kule Likasi, Kongo, enzi za ujana wake, likapotea katika misukosuko ya kuhama. Alipotulia Brussels alitafuta jingine miaka na miaka, hadi akalipata kwa mjane mmoja wa Kibelgiji. Kila Jumapili baada ya misa alilisugua kwa kitambaa laini mpaka majirani wakaona haya kwa magari yao.

Na huyo Papa Sylvestre alikuwa hajamwambia Dady neno hata moja kwa miaka miwili. Kosa lilikuwa moja, lakini zito: Dady na Sephora walikwenda kufunga ndoa komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kimyakimya, wazee wakaja kusikia habari mitaani. Tangu hapo Dady akiingia sebuleni, mzee hutoka. Akisalimia, mzee hugeukia televisheni. Mjukuu alipozaliwa, mzee alikuja, akambeba, akamwombea, akaondoka bila kumtupia jicho baba wa mtoto. Dady alituma tonton, mjomba wake, akatuma padri, akaenda mwenyewe kupiga magoti mlangoni. Mlango haukufunguliwa.

Mwezi wa Machi 2011 mzee alilazwa hospitali kubadilishwa nyonga. Sephora akampa mumewe ufunguo wa gereji aende kuchaji betri, basi. Lakini Dady alikuwa amemsikia mkewe mara nyingi akisimulia malalamiko ya baba yake: redio ile ya zamani inakamata makelele matupu, stesheni alizozipenda zimefungwa moja baada ya nyingine. Hapo ndipo wazo lilipomwingia. Atafunga redio ya kisasa yenye kupokea flashi, na kwenye flashi ajaze nyimbo za kwaya za Katanga. Mzee atoke hospitali, akae garini, abonyeze, asikie sauti za kwao. Nani angeendelea kununa baada ya hapo?

Redio aliinunua mtaa wa Chaussée d'Ixelles. Ilikuwa pana kuliko nafasi ya ile ya zamani. Mtu mwingine angeirudisha dukani. Dady alikuwa na kiu ya msamaha, na mwenye kiu hachunguzi matope. Aliazima mashine ya kukatia chuma, akaanza kukata dashibodi. Mashine ikaruka, ikachana bati mstari mrefu hadi upande wa abiria. Akajiambia si kitu, rangi itafunika. Akaunganisha nyaya bila kutoa betri, na waya wenye umeme ukagusa bati. Sasa redio mpya ilikuwa imekufa, taa zimekufa, gari zima limekufa.

Alimpigia Gracieuse, fundi umeme wa magari, mzaliwa wa Goma aliyefanya kazi mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe. Gracieuse akaja na tochi, akajikunja chini ya dashibodi, akazifuata nyaya moja moja.

"Nyaya nitabadilisha," akasema alipoinuka. "Itatembea. Lakini hii tôle, hii bati, ndugu yangu, haiko kitambaa ya kushona."

"Hakuna namna? Hata kidogo?"

"Ungeniita mbele ya kukata, si nyuma."

"Papa anatoka hospitali Ijumaa, Gracieuse!"

"Bon, vendredi ataona."

Nyumbani, Sephora alimsikiliza mumewe akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti.

"Nilikuambia betri, Dady. Betri tu."

"Nilitaka afurahi."

"Mama, mbele ya kufa, alikuwa anaogopa mwendo ya mbio. Safari yote mukono yake iko pale ku dashibodi, anashikilia. Pale ulikata."

Dady hakumkuta mama mkwe akiwa hai, na hakuna aliyemweleza jambo hilo.

Alhamisi asubuhi alirudi gereji na nyundo. Alikuwa amekata shauri: atavunja kufuli, aseme wezi waliingia, wakakata, wakakimbia. Aliinua nyundo. Akaishusha. Akaiinua tena. Mwanamke mmoja alipita na mbwa wake, akamtakia siku njema, na Dady akaitikia. Akakaa chini mbele ya mlango na kulia, nyundo mapajani.

Ijumaa mzee alikataa kupelekwa nyumbani kwanza. Alitaka kuliona gari. Alishuka kwenye teksi kwa magongo yake mawili, Sephora kando, akamkuta Dady amesimama mlangoni.

"Papa," Dady akasema, "ni mimi. Nilikata gari yenu. Nilitaka kutia redio mupya. Niliharibu."

Mzee akampita kama nguzo. Akafungua mlango wa gari, akainama kwa shida, akatazama. Alipapasa ule mpasuko kwa kidole, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Mabega yake yakaanza kutikisika. Sephora akaziba mdomo kwa mkono.

Kisha mzee akageuka.

"Ulikatisha na nini?"

"Na meuleuse, mashine ya kukata chuma, papa."

"Meuleuse! Hii ni mukate? Ni nyama ya kukatakata? Ulibeba mutoto yangu bila kuuliza. Sasa gari, bila kuuliza! Donc weye haujue kuuliza? Kwenu hakuna kinywa?"

Alimtukana Dady hadi sauti ikakauka. Alimtukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa maneno ya Kisanga, lugha ya kwao, ambayo Dady hakuyaelewa. Machozi yalimtiririka mzee na hakuyafuta. Dady aliinamisha kichwa, akapokea yote. Hakuthubutu kusema kwamba miaka miwili alikuwa ameisubiri sauti ile.

"Nisamehe, papa."

"Sisamehe." Mzee akahema, akaegemea gari. "Lundi utakuya kunikamata ku nyumba. Tutaenda ku ma-casse, kule kwa magari ya kufa. Tutatafuta tabulo ingine ya pale ulikata."

Tangu Jumatatu ile wamekuwa wakizunguka kwenye viwanja vya magari yaliyokufa, wiki baada ya wiki, Dady akiendesha gari lake dogo na mzee akigomba kando yake: unakwenda mbio, unapinda kona kwa upana mno, ona kile kibao cha kusimama. Dashibodi ya 404 iliyo nzima hawajaipata. Habari ya ndoa hawajaigusa. Wanaongea chuma, kutu na skrubu, na ikifika jioni mzee hushuka bila kuaga.