Atakayesimama Mlangoni

...na lililobaki lilikuwa hilo la mamake tu, maana mengine yote yalishapangwa, alijisemea Zuleikha moyoni huku Bi Batuli akimgawa nywele kwa ncha ya chanuo, yeye kaketi mkekani uani, mgongo kauegemeza magotini mwa somo yake na tumbo kalilaza mapajani kama mzigo aliopewa amtunzie mtu, yalishapangwa yote tangu siku ile Daktari Nyaboke alipoikutanisha mikono yake miwili juu ya meza kumwonyesha nyonga yake ilivyobana, akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "Mama, wewe hatutangoja uchungu, ile kidonda ya kwanza inaweza kuachana, tutakupasua Alhamisi asubuhi," akalisema hilo neno tutakupasua kama mtu asemaye tutakupikia chai, na Zuleikha macho yake yakawa mlangoni tu, ikawa ni Bi Batuli aliyeuliza, Bi Batuli aliyemfunda siku za ndoa yake na ambaye safari hii alimwomba awe naye kwa kila hatua, atalala usingizi kabisa ama ataganzishwa nusu, na mtoto akitoka atapewa nani, na mimi nisimame wapi, daktari wangu, na daktari akatabasamu akasema atalala kabisa, nawe utasimama mlangoni mwa chumba cha kupasulia, hapo hapo, muuguzi atakuletea mtoto umwone, basi, vikapangwa, Mahadhi mumewe atakuwa nje tayari kumwadhinia mwanawe sikioni, shemeji yake Aboud ameshatoa damu iwekwe, gari limeshasemwa, na Alhamisi yenyewe ni kesho, kesho, na neno kesho lilimpita kifuani kama maji baridi... "Wanisikia lakini?" alisema Bi Batuli juu ya kichwa chake. "Naam, somo." "Nimesema usiku usitie kitu kinywani, hata maji. Na hizo kucha ziache hivyo hivyo, usije ukashawishiwa kupaka hina, madaktari hutazama kucha wakajua damu yaendaje." Naam, somo, alijibu, akazitazama kucha zake, nyeupe kama za mwanamke aliye edani, na msuko wenyewe ulikuwa ule wa mistari iliyonyooka kurudi nyuma, upesi upesi, usio na pambo, ule ambao watu huuita twende kilioni, na hakutaka kulifikiria jina hilo lakini lilishakuja, likakaa, twende kilioni, kwa nini asimwambie amsuke msuko mwingine, lakini kichwa kitavalishwa kofia ya hospitali, alisema Bi Batuli, msuko mnene utakuumiza ukilala chali, na ukiamka utakuwa huwezi kugeuka... ukiamka... alisema ukiamka, hakusema ikiwa utaamka.

Jikoni mwiko ulikuwa ukikwaruza sufuria. Mamake alikuwa akipika uji wa yale mahindi ya njano, mahindi ya mwaka huu wa njaa, yaliyoletwa kwa meli kutoka nchi za watu na yasiyoiva hata uyapikie nini, harufu yake ikaja uani kama ya gunia lililoloa, na mlangoni pa chumba cha kati, pale Zuleikha alipoweza kupaona bila kugeuza shingo, kilikuwepo kikapu cha mamake, kimefungwa tangu jana, leso jozi mbili, msala, chupa ya chai, kikapu cha mtu anayekwenda kushinda hospitali, na hakuna aliyemwambia kuwa yeye haendi. Zuleikha alikuwa amemwomba Bi Batuli amwambie, tena kwa kubembeleza, na Bi Batuli akakataa, akasema, "Hilo utalitamka kwa kinywa chako. Mimi ni somo yako, si mjumbe wako wa vita," kwa hivyo alikuwa amejitayarishia maneno, maneno mafupi yasiyo na mlango wa kuingilia mtu, Mama, kesho wewe baki nyumbani, aliyasema moyoni mara ya kwanza yakawa makavu, akayaongeza kidogo, Mama, kesho wewe baki nyumbani ututengenezee chumba, nayo yakawa urongo, na yeye urongo ndio hasa alioukimbia, urongo ndio uliomfanya asitake kumwona mamake kando ya kile kitanda, basi yabaki makavu... akija na uji atamwambia, akiweka bakuli chini, kabla hajageuka.

"Tulia basi, wanitoroka," alisema Bi Batuli, akamrudisha bega kwa kiganja chenye mafuta ya nazi, na mtoto tumboni akasukuma upande wa kushoto, goti au kisigino, akasukuma na kunyamaza, na kila aliponyamaza Zuleikha naye alinyamaza kumsikiliza, hata pumzi aliizuia, kwani yule wa kwanza naye alisukuma hivi hivi, alisukuma mpaka Jumapili ile ya Agosti, mwaka juzi, uchungu umemshika tangu Ijumaa na hakuna kinachoshuka, na asubuhi redio ya jirani ikawa inapiga nyimbo za kijeshi, kisha watu wakawa wananong'ona madirishani kuwa serikali imepinduliwa, milango ikafungwa mtaa mzima wa Shela, na Mzee Kombe mwenye teksi akafunga geti lake akasema hatoki mtu hapa mpaka nijue nchi ni ya nani, alisema hivyo hivyo, mpaka nijue nchi ni ya nani, na Zuleikha chumbani anauma ncha ya leso, nchi ilikuwa ya nani, ilikuwa ya yule mtoto aliyekwama nyongani mwake, hakukuwa na nchi nyingine, mpaka Mahadhi na Aboud wakatoa mkokoteni wa kubebea barafu, wakatandika godoro, wakamsukuma juani kwenye barabara tupu, na yeye chali juu ya godoro anaona minazi ikipita na anasikia magurudumu, na baada ya hapo taa, mtu mwenye kitambaa mdomoni, mkono unamkandamiza... kisha hakuna kitu. Na alipofumbua macho uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa mamake, unatabasamu. "Mtoto yuko wapi?" "Yuko, mwanangu. Ana homa kidogo, wamemweka chumba cha joto." Hivyo tu, bila kupepesa. Na akamwamini, kwa nini asimwamini, alilala na kuamka na kulala akiwa mama wa mtoto mwenye homa, akamtafutia na jina, akawa analiita kwa ndani, na maziwa yakaja, yakaja kwa kishindo, matiti yakawa mawe, na mamake akamkamua kwa vidole vyake mwenyewe ndani ya kikombe cha bati, taratibu, akisema bismillahi, akatoka nacho, akasema nampelekea, na akarudi na kikombe kitupu, na Zuleikha akauliza, amekunywa? Na mamake akasema amekunywa.

Amekunywa. Neno hilo ndilo alilokuwa akilitafuna mwaka wa pili huu, si kifo, kifo ni cha Mungu na yeye alishakikubali kwa kadiri anavyoweza mja kukubali, ila lile amekunywa, na yule mtoto wakati huo yuko chini ya mchanga, ameshaoshwa, ameshazikwa, mpaka Mahadhi aliposhindwa, akaja akasimama pembeni ya kitanda na kofia yake mkononi, akasema Zuleikha, mtoto hatunaye, hatukuwa naye tangu mwanzo, na Zuleikha hakumtazama Mahadhi, alimtazama mamake, na kikombe kilikuwa bado kiko juu ya kabati. Tangu hapo wanaongea habari za chumvi, za kuni, za bei ya unga, shikamoo Mama, marahaba, basi, na huyu mama anakuja kila alfajiri kutoka kwake mtaa wa Barani kumfulia na kumpikia tangu mimba hii ilipoanza kuwa nzito, na hakuuliza kitu, na kikapu ameshakifunga.

"Somo," alisema. "Labeka." "Nitakapokuwa nimelala." "Ehe." "Akitoka, utamwona wewe kabla yangu." "Ndivyo tulivyosema na daktari." Zuleikha alivuta pumzi, tumbo likapanda nayo, na ikamjia kwamba ndilo swali alilokuwa akilizunguka miezi yote, wala si kisu, kisu alikijua. "Nikiamka, usinianzie kwa pole, wala kwa alhamdulillahi. Neno la kwanza niambie yu hai au hayu. Uniambie hata kama nimo katika kufa. Utaniambia?" Mikono ya Bi Batuli ikasimama. Ilisimama nywele zikiwa zimeshikwa, mistari mitatu vidoleni, wala haukutoka upesi kwake ule uongo mwepesi wa watu wazima, usiseme hivyo mwanangu, Mungu atajaalia, uji ukatokota jikoni, kisha akasema polepole, "Nitakwambia. Lakini nisikize. Likiwa ni lile baya, utanichukia. Utauchukia uso wangu kwa kuwa ndio uliolileta. Nami sitaondoka, nitakaa papo hapo kitandani mpaka utakaposhiba kunichukia." Akaanza tena kusuka. "Mamako naye hakuondoka," akasema, kana kwamba anataja hali ya hewa, na akaomba asogezewe kibuyu cha mafuta.

Zuleikha akakisogeza. Hakuondoka, ni kweli, nani aliyesema kuwa aliondoka, alilala chini, baina ya vitanda viwili, juu ya leso moja, na yule mama wa kitanda cha pili alikuwa akimruka kwenda msalani, hilo Zuleikha alilikumbuka, alikumbuka pia sauti mbili nje ya pazia, muuguzi akisema damu yake imekwisha karibu yote, akishtushwa huyu tutampoteza, na sauti ya mamake ikiuliza, mpaka lini? Mpaka lini, aliuliza, na miaka miwili Zuleikha alikuwa akilisikia swali hilo bila kulisikia, alidhani linahusu homa, lakini mamake alikuwa akiulizia mzigo, aubebe mpaka lini... na akiutua atampa nani, si Mahadhi aliyekuwa analia nje kama mtoto, si Bi Batuli aliyekuwa kule kisiwani, Faza, kwenye msiba wa kaka yake, basi alijitwika peke yake, akatabasamu, maana mgonjwa hutazama uso wa mwenziwe kabla ya kuuliza, akakamua maziwa kwa vidole vile vile ambavyo huenda ndivyo vilivyomwosha mtoto, na alipotoka na kikombe, alisimama wapi? Hilo hakuwahi kulifikiria, siku zote kwake mamake alitoka na kikombe kimejaa akarudi nacho kitupu, baina ya hapo hakukuwa na mtu, na sasa alimwona, mwanamke mzima na buibui lake ukumbini mwa hospitali, watu wanapita, kikombe cha maziwa ya bintiye kina joto mkononi na hakuna kinywa, lazima alisimama mahali, kwenye sinki, kwenye ua la nyuma, lazima aliinamisha mkono, ama alishindwa kuyamwaga akayanywa... hapana, asiende huko, lakini alishakwenda, alimwona akipangusa midomo, akiupanga tena uso wake kabla ya kurudi mlangoni, amekunywa.

Bado alikuwa na hasira. Aliitafuta akaikuta ipo mahali pake, haikupungua, ila sasa haikuwa peke yake mle ndani, na akaona jambo jingine pia, dogo, lililomtia baridi kuliko kesho, kwamba yule mtoto alishikwa na watu wawili tu waliompenda, Mahadhi, aliyempokea akiwa ameshafungwa sanda na hakuthubutu kufunua, na huyu anayekoroga uji, huyu peke yake ndiye anayejua alivyokuwa, na miaka miwili ameachwa nalo, wao wakiongea chumvi na kuni. "Umeshalia?" aliuliza Bi Batuli. "Hapana, somo." "Haya. Umebaki mstari wa sikioni."

Mlango wa jiko ukasukumwa kwa kiwiko, mamake akatoka na bakuli la uji mikono miwili, akitazama chini asijikwae, leso kajifunga kiunoni, akainama kwa tabu, magoti yake yakalia, akaliweka bakuli ukingoni mwa mkeka. "Kunywa ungali moto," akasema, "leo nimekutilia nazi," akajizoa kuinuka, na ndipo yale maneno yalipomjia Zuleikha ulimini, makavu, yamepangika, Mama, kesho wewe... "Mama." Mamake akageuka. Uso ulikuwa umeshajipanga, Zuleikha akauona, ule ule ulio tayari kuambiwa lolote.

"Mama, ni wewe uliyemwosha?"

Bi Batuli hakusimamisha mikono. Mahali fulani nje ya ua mtu alikuwa akibisha mlango wa jirani na kuita hodi, hodi. Mamake alitazama kikapu kule mlangoni, akatazama bakuli, kisha akasema, "Nilimwosha mimi. Sikumpa mtu."

"Alikuwaje?"

Mamake alijishusha tena, mkono mmoja chini kwanza, mpaka akakaa ukingoni mwa mkeka na miguu kainyoosha, akajifungua leso kiunoni akaikunja mapajani, akaikunja tena, kwa utaratibu wa mtu ambaye amengoja kuulizwa, hata akadhani kuwa hataulizwa kamwe.

"Alikuwa mrefu," akasema.