Gitaa, Swalihu

Hapana, Swalihu hakuacha bendi mwenyewe. Aliyeacha ni Zaidi, mpiga ngoma, alikwenda kuuza mitumba. Hiyo ndiyo ile bendi ya rok ya pale stesheni ya Zuzu, watu wakiiita Wakanada, maana vyombo waliachiwa na mafundi wa reli kutoka Kanada, na ngoma kubwa ilichorwa jani jekundu. Kanada kwenyewe hawakukujua. Katoka Zaidi, kaingia Damas. Katoka Silvano wa besi, kaingia binamu yake. Mambo ya kawaida hayo.

La Swalihu ndilo lililomkaa kooni Halfani, kiongozi wa bendi. Biashara huria ilipofunguliwa nchini, alikuja tajiri mmoja wa kaseti, anataka sura za vijana. Swalihu ndiye mtunzi wa nyimbo zote, lakini kipara kilishafika kisogoni. Basi Halfani akamwambia, "Bendi imevunjika, ndugu yangu. Rudi kwenu Kolo ukapumzike."

Swalihu akampa pole. Yeye ndiye aliyempa Halfani pole.

Wiki iliyofuata wakarekodi. Pale pa kutaja wapigaji, Halfani akaimba jina la kijana aliyeshika nafasi ya Swalihu, "Gitaa, Abubakari!" Likatoka jina la Swalihu. Wakarudia mara nne, Swalihu. Fundi mitambo akasema mkimtoa mtu bila kumuaga huwa hivyo, akaendelea kutafuna karanga zake. Kaseti zikauzwa. Abubakari akazoea, mpaka mama yake mzazi akawa anamwita Swalihu.

Mwaka ukapita, Halfani akashindwa kuvumilia, akapanda basi la Kolo. Njia nzima anapanga maneno ya kuomba radhi. Alipofika, kaseti ilikuwa inalia duka la jirani.

"Gitaa, Swalihu!"

"Naam," Swalihu akaitika.

"Umemwona, shemeji?" mkewe Stara akacheka. "Kila wakiupiga huo wimbo anaitika. Jana kaitika na tonge mdomoni."

Swalihu akamkazia macho mgeni wake. "Hiyo kaseti ya lini? Mbona mkono wa gitaa siujui?"

Halfani akajibu, "Ya zamani. Kabla hatujavunjika."

"Si nilikwambia?" Swalihu akamgeukia mkewe. "Bendi ingefufuka, Halfani angeniita."

Stara akaleta maji ya kunawa, ugali wa uwele na mlenda. Dukani wakaurudisha wimbo mwanzo. Halfani akaisikia sauti yake mwenyewe ikiita, Swalihu akaitika naam, wakakaa wote kula.