Dakika Arobaini na Saba za Kuaga

Mahali palipopakwa rangi ya manjano mbele ya nyumba ya wazee, gari huruhusiwa kusimama kwa dakika kumi, wala haliruhusiwi kuzidisha isipokuwa abiria asiyejiweza bado anapandishwa au anashushwa. Katika mji wetu wa Elvestad, kaskazini mwa Minnesota, hakuna asiyeijua kanuni hiyo. Imeandikwa kwenye kibao, na kibao kimewekewa taa.

Arvid Haugland aliijua kuliko wengi. Ndiye aliyeiandikia halmashauri ya mji barua tatu akidai kwamba dakika ishirini za awali zilikuwa zinawalea watu katika uvivu. Alikuwa amefundisha hesabu katika shule yetu kwa miaka thelathini na sita, na katika muda huo hakuchelewa kipindi hata kimoja. Alipostaafu alijitolea kuendesha gari la wilaya lenye lifti ya kupandishia viti vya magurudumu. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Ilikuwa na sharti moja tu: dereva ambaye faini yake imethibitishwa huondolewa kazini siku hiyo hiyo. Na dereva mwingine aliyefunzwa kuitumia lifti ile hakuwapo.

Kila Alhamisi Arvid alimchukua Bi Lorna Tveit, mwenye umri wa miaka themanini na minne, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza, akampeleka kumtembelea dada yake, Bi Inez, katika nyumba ya wazee. Bi Inez alikuwa na miaka themanini na tisa. Hawa wawili hawakuwa na ndugu mwingine aliye hai. Kama Arvid angeondolewa, Alhamisi zao zingekwisha, nao walilifahamu jambo hilo bila kuambiwa.

Alhamisi ya pili ya mwezi wa Februari, saa tisa kamili alasiri, akina dada walikuwa wamemaliza kahawa. Arvid alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia mkononi. Papo hapo Bi Lorna alijipiga kofi magotini kwa viganja vyote viwili, akasema, "Haya, basi."

Aliyekulia kwetu anajua maana yake. Mgeni akijipiga kofi magotini, anatangaza kwamba ataondoka. Arvid alisimama, akatoka, akalileta gari kutoka uwanja wa nyuma hadi kwenye rangi ya manjano saa tisa na dakika mbili, akaishusha lifti, akasubiri katika baridi ya kugandisha pumzi.

Hakuna aliyetoka. Aliporudi ndani akamkuta Bi Lorna pale pale.

"Nimeshaleta gari, Bi Lorna."

"Naam, nilikuona dirishani. Hukawii wewe." Kisha akamgeukia dada yake. "Ulikuwa unasema nini kuhusu yule daktari wa meno?"

Masimulizi ya daktari wa meno yakamalizika. Bi Lorna akajipiga kofi magotini mara ya pili. Ndipo Bi Inez akakumbuka mikate myembamba ya viazi aliyoandaliwa jikoni.

"Chukua, mdogo wangu, ukale nyumbani."

"Hapana, dada, utakula nini wewe?"

"Chukua. Mimi hapa wananilisha kama bata."

"Hapana bwana, nitakuwa nimekunyang'anya."

"Lorna."

"Basi, miwili tu."

Akapewa kumi na miwili. Walipofika mlangoni, koti likavaliwa, likavuliwa kwa sababu skafu ilikuwa imesahauliwa ndani yake, likavaliwa tena. Nje, kiti cha magurudumu kilipandishwa kwa lifti na kufungwa kwa mikanda minne. Hapo ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano. Arvid aliketi kwenye usukani na kuwasha gari. Lakini Bi Inez, aliyewafuata kwa kigari chake cha kushikilia anapotembea, aligonga kioo, na kioo kikashushwa, kwa maana si desturi yetu kumfungia mtu kioo usoni.

Katika muda huo askari wa maegesho, Duane Skogstad, alikuwapo tayari. Alikuwa amefika saa tisa na dakika ishirini na tano, akaingiza namba ya gari katika mashine yake, ambayo humpa dereva muda kidogo wa kuondoka, kisha akakaribia mlango ili awahimize. Duane ni mtu wa hapa. Alisalimia. Aliposalimia aliulizwa na Bi Inez habari za mama mkwe wake, na habari za mama mkwe wake hazikuwa fupi; zilifika hadi kwenye kioo cha gari. Saa tisa na dakika arobaini na tisa mashine ilitoa mlio na kutema karatasi kwa hiari yake yenyewe. Faini: dola thelathini na tano.

Duane aliitazama karatasi kwa huzuni ya kweli. "Mwalimu, ukishaingiza namba, haifutiki."

"Nipe," akasema Arvid. "Kazi ni kazi."

"Samahani sana, Mwalimu."

"Usiniombe radhi kwa kutimiza wajibu wako, Duane. Simama wima."

Rufaa ilisikilizwa majuma mawili baadaye katika ukumbi mdogo wa ofisi ya mji. Afisa wa rufaa alikuwa Bi Gretchen Ostby, mwanamke mwenye miwani mbili, moja usoni na moja juu ya nywele. Mbele yake walikaa Arvid, Duane, Bi Lorna katika kiti chake, na Bi Inez, aliyeletwa na muuguzi ingawa hakuna aliyemwita.

"Mwalimu Haugland," alianza Bi Ostby, "unakiri kwamba gari lilisimama pale dakika arobaini na saba?"

"Nakiri. Nilizihesabu."

"Basi umekuja kupinga nini?"

"Kanuni inasema, isipokuwa abiria bado anapandishwa. Nasema kwamba abiria alikuwa anapandishwa."

"Dakika zote hizo? Ulikuwa unampandisha mlimani?"

"Alianza kupanda alipojipiga kofi magotini, Bi Ostby. Saa tisa kamili."

Duane akainua mkono. Hakupenda kusema, lakini alikuwa ameapa. "Kwa heshima zote, Mwalimu. Kofi la kwanza si la kuondoka. La kwanza ni la kuwaandaa wenyeji. Hata mtoto anajua mtu hasimami kwenye kofi la kwanza. Ungengoja la pili."

"Kama mtu hana nia ya kuondoka, kwa nini ajipige kofi magotini?" aliuliza Arvid kwa ukali.

"Kwa adabu," wakajibu Bi Lorna na Bi Inez kwa pamoja.

Bi Ostby aliandika neno hilo. Kisha akaweka kalamu chini na kutafakari kwa muda mrefu, kama inavyompasa mtu aliyepewa mamlaka. "Bi Lorna, umewahi kuondoka katika nyumba ya mtu bila kuaga hivyo?"

"Mara moja. Mwaka wa sitini na nane. Nyumba ilikuwa inaungua."

"Na hata hapo," akasema Bi Inez, "alikubali kufungiwa keki."

"Ilikuwa karibu na mlango, dada."

Bi Ostby alitoa uamuzi wa kwanza. Alisema kwamba katika wilaya hii hakuna mwili unaotoka nyumbani kabla ya maagano kutoka. Kwamba mwenye miguu mizima huaga huku akitembea, lakini asiyejiweza hana budi kuaga akiwa ameketi. Kwamba kwa hiyo makofi yote mawili, mikate, koti na skafu vilikuwa sehemu ya kupandishwa. "Mpaka mkanda wa nne ulipofungwa," alisema, "sioni kosa."

Bi Lorna alishusha pumzi. Lakini afisa alikuwa hajamaliza.

"Mkanda ulifungwa saa tisa na dakika thelathini na tano. Karatasi ilitoka saa tisa na arobaini na tisa. Hizo ni dakika kumi na nne ambazo abiria alikuwa ameshapandishwa. Nikikupa kumi za kibao, zimebaki nne. Hizo nne, Mwalimu, ni za nani?"

Arvid alisimama, akavuta fulana yake ya sufu ikanyooka.

"Gia ilikuwa mkononi mwangu," alisema. "Sina la kuficha. Injini ilikuwa inawaka."

"Arvid, kaa chini," alisema Bi Lorna.

"Nimeapa, Bi Lorna."

"Uliapa kusema ukweli. Hukuapa kujinyonga. Wewe ukiondolewa, nani atanipeleka kwa dada yangu? Huyu Duane na baiskeli yake?"

"Ningembeba," alisema Duane kwa sauti ya chini.

"Ungenidondosha, mwanangu. Nakufahamu tangu hujajua kufunga viatu."

Arvid hakukaa. Sikio lake lilikuwa limekwisha kuwa jekundu, lakini alibaki amesimama, naye ninamsifu kwa hilo, ingawa watu wengi walimlaumu baadaye. Mtu hawezi kuwa mkweli siku za jua tu.

Duane akasimama pia. "Nne hizo ni zangu. Mimi ndiye niliyekuwa nasimulia habari za mama mkwe. Nilipe mimi."

"Weka pesa yako mfukoni, Duane," alisema Bi Inez.

"Hapana, Bi Inez, acha nilipe."

"Nimesema weka. Una watoto shuleni."

"Walishamaliza, Bi Inez. Mdogo ana miaka ishirini na saba."

"Basi mnunulie zawadi ya harusi. Hizo nne ni zangu."

"Hapana, kwa kweli, siwezi kukubali."

"Ulikuwa unasimulia kwa sababu nilikuuliza. Nilikuuliza ili gari lisiondoke. Unadhani napenda habari za mama mkwe wako?"

Duane alikaa taratibu. Bi Ostby alitoa miwani ya usoni, akavaa ya kichwani, akafungua kitabu cha sheria ndogo za mji. Alisoma kwa sauti: faini italipwa na mwenye gari, dereva, au mtu mwingine yeyote aliyelikawiza gari kwa makusudi. Kisha akamgeukia Arvid.

"Mwalimu, jibu swali hili tu, usiongeze hotuba. Gia ilikuwa mkononi mwako. Kwa nini hukuondoka?"

Arvid alifikiri. Hakuwa mtu wa kubahatisha jibu.

"Mkono wa Bi Inez ulikuwa ndani ya dirisha."

"Mkono wote?"

"Mpaka kiwiko. Alikuwa amemshika dada yake begani."

"Ungeondoka, ungekuwaje?"

"Ungevunjika."

"Hukumwomba autoe?"

"Nilimwomba mara tatu. Kila mara alisema, 'Naam, naam, nenda tu.' Lakini hakuutoa."

"Nilijua hatakwenda," alisema Bi Inez. "Huyu hawezi kuvunja hata sheria, sembuse mkono." Akaegemea kigari chake, akasimama, jambo lililomchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Bi mkubwa, mimi nina miaka themanini na tisa. Huyu ni mdogo wangu. Nampata saa mbili kwa juma, na daktari wa meno anachukua nusu yake. Nilitaka nne zaidi. Nikazichukua. Mtu akichukua kitu dukani analipa, sivyo? Nionyesheni pa kulipia."

Bi Lorna aliutazama ukuta. Alitafuta kitambaa katika mkoba wake, hakukiona, akajifuta kwa skafu.

"Dada, dola thelathini na tano kwa dakika nne," alisema hatimaye. "Umepunjwa."

"Hujui bei ya vitu siku hizi."

Uamuzi wa pili uliandikwa hivi: dereva hana kosa na jina lake litolewe katika daftari, faini inamhusu Bi Inez Tveit, aliyelikawiza gari kwa makusudi na kwa mkono wa kulia.

Wote wakaelekea kwenye dirisha la kulipia, mwishoni mwa korido. Karani wa pale alikuwa kijana makini aliyeitwa Torben, mgeni mjini kwa mwaka wa nane. Alizisoma karatasi mara mbili.

"Mashine hainiruhusu," alisema. "Faini ya maegesho inataka aina ya gari na namba. Bibi huyu hana gari."

"Andika hakuna," alisema Bi Ostby.

"Nikiandika hakuna, inarudi kwa dereva yenyewe."

Kila mtu alimtazama Arvid. Arvid, kwa mara ya kwanza katika maisha yake tunayoyajua, alitazama viatu vyake.

Torben aliinama nje ya dirisha. Alikitazama kigari cha Bi Inez, magurudumu yake manne, breki zake mbili, kikapu chake cha mbele, na stika ya nyumba ya wazee iliyobandikwa kwenye bomba. "Hii stika," aliuliza, "ni namba gani?"

"Kumi na nne," alisema Bi Inez. "Wameziweka tusiibiane."

"Breki zinafanya kazi?"

"Kuliko zako."

Torben akapiga herufi. Aina ya gari: la kusukuma kwa mkono, magurudumu manne. Namba: kumi na nne. Kosa: kukawiza, dakika nne. Mashine ilifikiri kidogo, ikakubali.

Bi Inez alihesabu noti tatu za kumi na moja ya tano, akazinyoosha moja moja kwenye ukingo wa dirisha, akazisukuma mbele.

"Na ya Alhamisi ijayo naweza kuilipa kabisa leo?"

"Hatupokei faini za mbele, bibi. Lazima kosa litangulie."

"Sawa. Litatangulia."

Torben alipiga muhuri kwenye risiti, akaandika imelipwa yote, akampa.