Lori Lililoibuka Ziwani

Kwa miaka sita fundi cherehani alikuwa mke wa mwizi. Mtaa mzima ulimjua hivyo. Mumewe, dereva wa lori la chumvi, aliondoka asubuhi moja kupanda jangwani, kwenye ziwa la chumvi, kubeba mzigo, na siku ya tatu wakaja watu wa kampuni kusema kwamba ameuza lori na shehena yake, akatorokea ng'ambo ya mpaka na mwanamke. Binti yao alikuwa bado mdogo. Fundi alizitoa nguo zote za mumewe kabatini, akazikatakata kuwa matambara ya kupangusia mashine.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyekataa. "Mwanangu si mwizi," alikuwa akisema, kwa aliyesimama kumsikiliza na kwa asiyesimama. Fundi akachoka kumsikia, akakata mguu. Mama mkwe alipofariki, fundi alifika mazishini amechelewa, akasimama nyuma kabisa kama mpita njia.

Kisha ukaja ukame wa misimu miwili mfululizo. Maji ya ziwa yakarudi nyuma, na paa la lori likachomoza katikati ya chumvi.

Aliyepigiwa simu ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi bomba. Alikuja dukani akabaki amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, kaka amepatikana."

"Wamemkamata wapi?"

"Hawakumkamata. Yumo ndani ya lori. Hajawahi kutoka."

Walisafiri kutwa nzima, gari likipanda tu. Masikio yaliziba, pumzi ikawa fupi, baridi ikapenya hadi kwenye mifupa ilhali jua lilikuwa kali. Hapakuwa na mti wala jani. Walipofika ukingo wa mwisho wakaliona ziwa likiwa chini yao, na fundi akamwomba dereva asimame.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lilikuwa zuri. Pembeni maji yalikuwa ya waridi, katikati yakawa mekundu kama nyama mbichi, na kulizunguka lote kulikuwa na ukanda wa chumvi nyeupe inayoumiza macho. Wageni wawili walikuwa wakipigana picha huku wakicheka. Miaka yote ile mumewe alirudi nyumbani na ukoko mwekundu viatuni, naye alimgombeza kwa kuchafua sakafu. Hakuwahi kumuuliza ziwa lenyewe likoje.

"Mbona jekundu hivi?" aliuliza.

"Wanasema ni vijidudu vinavyopenda chumvi," shemeji akajibu. "Maji yakipungua, rangi ndiyo inazidi kukolea."

Mwili ulikuwa umelazwa juu ya turubai kwenye banda la mizani, katika kituo cha kampuni kando ya ziwa. Chumvi haikumwozesha, ilimkausha, ikamfanya mdogo. Daktari, dada mmoja mwenye mafua, alimwambia kwa upole, "Ukishindwa kuangalia uso, angalia nguo."

Fundi hakuangalia uso. Alipiga magoti akashika pindo la suruali, mguu wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. La kushoto lilikuwa limepandishwa vidole viwili zaidi.

"Alivunjika mguu utotoni, ukabaki mfupi," alisema. "Hili nimelipinda mimi. Ni yeye."

Alipotoka nje kutafuta hewa, msimamizi wa kituo alimfuata. Alikuwa mtu mzima aliyebabuka midomo kwa upepo wa pale.

"Mama, pole."

"Pole ya nini?"

Msimamizi alitazama ziwa. "Mvua ilikuwa imenyesha. Alisema ukoko wa chumvi tunaokatishia ziwani umelainika, hauwezi kubeba lori lililojaa. Alikataa kuvuka."

"Alikataa?"

"Mara mbili. Nikamwambia kuzunguka ni saa nne nzima, na asipovuka aache funguo aende zake. Akapanda."

"Ukamwona akizama."

"Tulisimama hapa hapa. Hazikupita dakika tano."

"Halafu mkaja nyumbani kwangu kusema ameiba."

"Wakubwa ndio walioamua hivyo, mama. Mimi nina watoto."

"Na yeye alikuwa na nini?"

Shemeji, aliyekuwa nyuma yao, alimkwida shingoni kabla hajajibu. Fundi akamshika mkono. "Mwache. Nautaka mdomo wake ukiwa mzima. Haya atayarudia mbele ya polisi."

Polisi alifika alasiri. Msimamizi alivuta kiti, akaketi, akaapa kwamba wakati huo alikuwa likizo na hajui lolote. Alisema bila kigugumizi, macho yakiwa kwenye vidole vyake. Daktari hakuwa amesikia kitu. Alikuwa bandani akiandika.

"Huyu ametuambia mwenyewe, sasa hivi!" shemeji alifoka.

"Ninyi ni familia," polisi alisema, si kwa ubaya. "Nitaandika ajali."

Wakamzika kando ya mama yake. Baadhi ya majirani walikuja kulia, wengine walikuja kuhakikisha. Watu walipotawanyika, binti alikuwa jikoni akiosha vikombe, na fundi akamsimulia yote, asiruke neno.

"Kumbe bibi alikuwa anasema kweli," binti alisema.

"Alikuwa anasema kweli."

"Na wewe walikudanganya."

Hapo ndipo fundi angeweza kuitikia tu, mambo yakaisha. Alivuta kigoda akakaa.

"Walinidanganya. Lakini sikuwauliza hata swali moja, mwanangu. Niliishi na baba yako miaka kumi na moja, na nikawaamini kabla chai waliyokunywa haijapoa."

Binti alisuuza kikombe, akakisuuza tena.

"Mimi nilikuwa mtoto," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Niliamini kwa sababu wewe uliamini."

Fundi alibaki kwenye kigoda akimtazama mgongo, akisubiri aongeze neno lolote, hata la hasira. Binti alifunga bomba, akapanga vikombe rafuni kimoja kimoja, akatoka kupitia mlango wa uani.