Kijembe cha Golandam

Siku wifi yake alipoolewa, Golandam alimwimbia wimbo aliomtungia, na haukuwa wa kumtakia heri.

Sanambar, dada wa mumewe, hakujua kupika, na mtaa mzima ulijua. Wanawake walipokuwa wakipiga matari mbele ya bibi harusi, Golandam aliingia katikati akaimba:

*Moshi wa jiko lako umefunika mlima,
wa mbali wanalia, wa karibu wamekimbia.*

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Tangu hapo Sanambar hakukanyaga tena kwa Golandam. Wote wawili wakawa wajane, wakazeeka hapa hapa mjini Birjand, Iran, na ugomvi wao haukupata hata mvi moja.

Ndipo akaja Kiarash, mwanamuziki wa Tehran aliyekuwa akitafuta nyimbo za zamani azitengeneze upya kwa ajili ya vijana. Golandam alimwimbia kijembe chake huku akipiga makofi. Kiarash akafumba macho.

"Bibi, wimbo huu una huzuni kubwa."

"Huzuni ya nani? Huu ni wa kucheza, mwanangu. Piga makofi!"

Hakupiga.

Aliporudi kufanya onyesho ukumbini kwetu, Golandam alimpelekea Sanambar tikiti. Alitaka kijembe kimfikie tena, safari hii kwa vipaza sauti.

Kiarash alisimama jukwaani akaeleza kwamba moshi ni pumzi ya moyo uliotengwa na mpenzi wake.

"Moshi ni moshi!" Golandam akamnong'oneza jirani yake.

Zeze kubwa likaanza kuguna, taratibu kama watu wanaobeba jeneza. Wanaume wazima wakajifuta macho.

Taa zilipowaka, Sanambar alikuwa ameshamfikia Golandam, mikono wazi.

"Wifi yangu! Kumbe siku ile ulikuwa unanililia? Na mimi mjinga nikadhani unanicheka!"

Watu wote waliwageukia.

"Sasa wewe ulidhani nini?" Golandam akasema, akakumbatiwa.

Nje alimkamata Kiarash kwa mkono wa koti.

"Umeniharibia tusi langu! Nililinoa wiki nzima!"

"Bibi, watu wamelia."

"Hata mimi nalia. Kesho huyu anakuja kula kwangu!"

Akaja kweli, na kesho kutwa pia. Golandam hakubali mpaka leo kwamba wamezoeana. Husema tu chai ya peke yako haina ladha.

Mjukuu wa Sanambar alipoolewa, Golandam ndiye aliyeombwa kuongoza wimbo. Akauanza kwa makofi, mbiombio, kama alivyoutunga. Wasichana wakatazamana, kisha mmoja akamsogelea kwa adabu.

"Samahani, Bibi. Unaukosea. Huu unaimbwa polepole."

Golandam alimtazama yule msichana, akamtazama wifi yake, ambaye machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. Akashusha mikono, akaimba polepole.